Einstein Naye Alisubiri Majibu

Hakuna asiyemjua Einstein hapa chuoni. Au tuseme tunazijua nywele zake. Yupo kwenye fulana, kwenye majalada ya madaftari, hata kwenye ukuta wa duka la kutolea kopi. Mtu akipata alama za juu tunamwita Einstein, na akifeli vibaya tunamwita hivyohivyo kwa kumtania. Lakini kuna kipande cha maisha yake ambacho hakijafika kwenye fulana. Kati ya Julai 1900 na Juni 1902 alikuwa mhitimu asiye na ajira ya kudumu, akiwaandikia maprofesa barua za kuomba nafasi na kusubiri majibu ambayo mengi hayakuja.

Nimeamua kukisimulia kipande hicho katika toleo hili kwa sababu msimu wenyewe ndio huu. Wengi wetu wa mwaka wa mwisho tumeomba uzamili, na tumeambiwa kwamba kabla ya kuomba ni vizuri kutafuta profesa atakayekubali kukusimamia. Basi tumeandika. Mimi nimewaandikia maprofesa tisa. Wawili wamejibu: mmoja amesema mwaka huu hachukui mwanafunzi, mwingine amesema niombe kwanza halafu tutaona. Saba wako kimya. Najua siko peke yangu, maana pale kantini siku hizi mtu hamalizi kikombe cha chai bila kuchungulia simu.

Niseme mapema kwamba sisimulii haya ili kudai kila asiyejibiwa ni Einstein. Hesabu hiyo haitoki. Kinachonivutia ni kuona kimya kile kilimaanisha nini, hakikumaanisha nini, na nani hasa alikuja kumtoa kijana yule pale alipokuwa amekwama.

Mwanafunzi asiyependa vipindi

Albert Einstein alizaliwa tarehe 14 Machi 1879 katika mji wa Ulm, Ujerumani. Baba yake, Hermann, alikuwa na biashara ya vifaa vya umeme pamoja na mdogo wake Jakob mjini Munich. Biashara ilipoyumba mwaka 1894, familia ilihamia Italia na kumwacha kijana amalizie shule. Hakumalizia. Mwisho wa mwaka huo aliacha shule na kuwafuata wazazi. Mwaka 1895 alifanya mtihani wa kuingia chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi, kile kinachojulikana leo kama ETH. Alikuwa na miaka 16, chini ya umri uliotakiwa. Hisabati na fizikia alifanya vizuri, masomo mengine yakamwangusha. Akaenda kusoma mwaka mmoja zaidi katika mji wa Aarau, na Oktoba 1896 akaingia chuoni.

Darasa lao lilikuwa dogo sana. Waliofika kwenye mtihani wa mwisho walikuwa watano: Einstein, Marcel Grossmann, Jakob Ehrat, Louis Kollros, na mwanamke mmoja kutoka familia ya Kiserbia, Mileva Marić, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wa Einstein.

Profesa mkuu wa fizikia alikuwa Heinrich Weber. Mwanzoni yeye na Einstein walielewana. Baadaye kijana akaona fizikia mpya aliyokuwa akiisikia huko nje, hasa kazi za Maxwell, haiguswi darasani. Akaanza kukwepa vipindi na kujisomea chumbani. Ikawa hata kumwita Weber kwa cheo chake anaona tabu, anamwita Bwana Weber tu. Sisi tunaosoma huku tunaelewa maana yake: jaribu kumwita profesa wako Bwana Fulani mbele ya watu, uone kama atakuandikia barua ya mapendekezo. Kwa profesa mwingine, Jean Pernet, aliyesimamia maabara, Einstein alipewa alama ya chini kabisa na onyo la maandishi kwa kutohudhuria.

Mitihani ilipokaribia, aliyemwokoa ni Grossmann. Huyu alihudhuria kila kipindi na kuandika kwa mpangilio, na madesa yake ndiyo Einstein aliyoyasoma. Julai 1900 matokeo yakatoka. Wanaume wanne walifaulu, Einstein akiwa wa mwisho kati yao. Mileva alifeli.

Barua na postikadi

Kwa mhitimu wa aina ile njia ilikuwa moja: unakuwa mkufunzi msaidizi wa profesa fulani, unapata mshahara kidogo, na huku unaandika tasnifu ya uzamivu. Grossmann, Ehrat na Kollros wote walichukuliwa kuwa wasaidizi palepale chuoni. Weber alihitaji wasaidizi pia, ila aliwachukua wahandisi na kumwacha mwanafunzi wake wa fizikia. Einstein akamwandikia Adolf Hurwitz, profesa wa hisabati, ambaye semina zake hakuwa amezihudhuria. Hapo napo hakupata kitu.

Wakati huohuo fedha zilikatika. Miaka ya masomo ndugu wa upande wa mama walikuwa wakimtumia faranga 100 kila mwezi, na baada ya kuhitimu msaada huo ukaisha. Ni kama bumu linapokoma: chuo hakikudai tena, lakini na wewe huna pa kudai. Akawa anafundisha wanafunzi binafsi kwa saa. Huku akiandika makala yake ya kwanza ya kisayansi, kuhusu jinsi vimiminika vinavyopanda ndani ya mirija myembamba. Ilitoka mwaka 1901 katika jarida la Annalen der Physik, lililoheshimika kuliko mengi Ujerumani.

Makala ile ndiyo ikawa CV yake. Tarehe 19 Machi 1901 aliituma kwa Wilhelm Ostwald, mkemia mashuhuri wa Leipzig. Barua yenyewe ilikuwa fupi na, kwa viwango vya ushauri tunaopewa leo, haikuwa mbaya. Alieleza kwamba kitabu cha Ostwald ndicho kilichomsukuma kuandika makala ile, akauliza kama profesa angehitaji msaidizi anayejua hisabati na vipimo, na akakiri kwamba hana fedha za kuendelea na masomo bila nafasi ya namna hiyo.

Kimya.

Wiki mbili baadaye, tarehe 3 Aprili, akiwa amerudi kwa wazazi wake Milan, akaandika tena. Sababu aliyotoa ni kwamba hakumbuki kama mara ya kwanza aliweka anwani yake. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu, maana ujanja huu ni wetu kabisa. Leo tunaandika kwamba huenda ujumbe wangu wa awali uliingia kwenye taka. Zaidi ya miaka 120 imepita na mbinu ya kumkumbusha profesa bila kuonekana msumbufu haijabadilika.

Ostwald hakujibu tena. Eduard Riecke wa Göttingen alikuwa ameshamkatalia. Tarehe 12 Aprili akamwandikia Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, baada ya kusikia kwa rafiki kwamba kuna nafasi. Safari hii alituma postikadi yenye sehemu ya pili iliyolipiwa kabisa kwa ajili ya jibu. Yaani profesa hakuhitaji hata kununua stempu. Jibu halikuja. Postikadi hiyo imehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Boerhaave hukohuko Leiden, na watu wanaenda kuitazama.

Katika barua kwa Mileva alikuwa akitania kwamba karibu atakuwa amewaandikia wanafizikia wote kuanzia Bahari ya Kaskazini hadi ncha ya kusini ya Italia. Lakini utani ulikuwa wa juujuu. Aliamini Weber anamharibia jina kila profesa anapomwuliza habari zake. Iwe kweli au la, ndivyo mtu anavyofikiri anapokosa jibu: anaanza kutafuta adui.

Barua ambayo hakuijua

Sasa tufike kwa mzee Hermann. Biashara yake Italia nayo ilikuwa inasuasua, na afya haikuwa nzuri. Alikuwa akimwona mwanawe pale nyumbani kila siku akingojea tarishi. Tarehe 13 Aprili 1901, bila kumwambia mtoto, akachukua karatasi akamwandikia Profesa Ostwald mwenyewe.

Aliomba radhi kwa kuthubutu kumsumbua mtu mkubwa kwa ajili ya mwanawe. Alieleza kwamba kijana ana miaka 22, amesoma miaka 4 na kufaulu, ametafuta nafasi bila mafanikio, na kila siku inayopita anazidi kuamini kwamba amepotea njia na hatarudi tena. Alisema pia kwamba kijana anaumia kwa kujiona mzigo kwa wazazi wasio na uwezo. Ombi lake kubwa halikuwa hata kazi. Aliomba profesa asome ile makala, na kama inawezekana amwandikie mwanawe maneno machache ya kumtia moyo, ili arudishe furaha ya kuishi na kufanya kazi. Mwisho akasema mtoto hajui lolote kuhusu barua hii.

Hata hiyo haikujibiwa.

Mimi hapa husimama kidogo. Wengi wetu tuna mzazi wa namna hiyo huko nyumbani. Hajui uzamili unaombwa vipi, hajui tofauti ya profesa na mhadhiri, lakini anajua mtoto hali vizuri na anachelewa kulala. Angekuwa na anwani ya huyo profesa angempigia simu. Na tusidhani Ostwald alikuwa mtu katili. Alikuwa na maabara kubwa, wanafunzi kutoka nchi nyingi, vitabu na majarida ya kuhariri. Barua ya kijana wa Milan, na ya baba yake, zilikuwa karatasi mbili katika rundo. Hakuwa ameipima kazi ya Einstein akaiona haifai. Kimya chake hakikuwa hukumu ya kitu chochote. Hilo ni gumu kuamini ukiwa wewe ndiye unayesubiri.

Dirisha lilifunguka upande mwingine

Siku zilezile mzee alipokuwa akiandika, iliingia Milan barua nyingine, kutoka kwa Grossmann. Yule mwenye madesa. Alikuwa amemweleza baba yake hali ya rafiki yake, na baba huyo alifahamiana na Friedrich Haller, mkurugenzi wa ofisi ya hataza mjini Bern, ofisi ya serikali inayokagua na kusajili uvumbuzi. Nafasi ingetangazwa, na jina la Einstein lingefikishwa kunakohusika.

Haikuwa haraka. Ilichukua zaidi ya mwaka. Katikati hapo Einstein alifundisha kwa miezi miwili katika shule ya ufundi ya Winterthur akimshikia mtu nafasi, kisha akawa mwalimu katika shule binafsi huko Schaffhausen. Novemba 1901 aliwasilisha tasnifu Chuo Kikuu cha Zurich chini ya Profesa Alfred Kleiner. Miezi michache baadaye akaiondoa, akarudishiwa ada yake ya faranga 230. Mwanzoni mwa 1902 alihamia Bern na kutangaza gazetini kwamba anafundisha hisabati na fizikia, somo la kwanza bure. Tarehe 23 Juni 1902 ndipo alipoanza kazi ofisi ya hataza, ngazi ya tatu, mshahara faranga 3,500 kwa mwaka. Mzee Hermann aliishi kuiona ajira hiyo, kisha akafariki Oktoba mwaka uleule. Zile karatasi maarufu za mwaka 1905 hakuzijua.

Mwaka 1905 wenyewe tunausikia sana, kwa hiyo nitaupitia haraka. Akiwa karani wa serikali, bila maabara wala msimamizi wa kumwongoza, Einstein alichapisha kazi kuhusu mwanga, kuhusu mwendo wa chembechembe ndani ya kimiminika, na nadharia maalumu ya uhusianifu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Zurich kilipokea tasnifu yake mpya kuhusu ukubwa wa molekuli, akapata uzamivu. Tasnifu hiyo aliitabaruku kwa rafiki yake Dk. Marcel Grossmann.

Mtu angedhani baada ya hapo milango yote ilifunguka. Wapi! Mwaka 1907 aliomba kuwa mhadhiri Bern, akaambatanisha makala zake 17. Alikataliwa kwa sababu hakuweka andiko maalumu ambalo taratibu zilidai. Januari 1908 aliomba kazi ya ualimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya Zurich. Waombaji walikuwa 21, wakachujwa hadi 3, na yeye hakuwamo. Bern walimkubali Februari 1908 baada ya kupeleka andiko lililotakiwa. Muhula wake wa kwanza alifundisha saa moja asubuhi, na wasikilizaji walikuwa marafiki zake watatu. Nafasi ya uprofesa Zurich aliipata mwaka 1909, akiwa na miaka 30.

Wale wa kimya walipojibu

Julai 1909 Chuo Kikuu cha Geneva kilitoa shahada za heshima. Einstein alikuwa mmoja wa waliopewa, na mwingine alikuwa Wilhelm Ostwald, kwenye sherehe hiyohiyo. Miezi michache baadaye Ostwald alikuwa mtu wa kwanza kumpendekeza Einstein kwa Tuzo ya Nobel ya fizikia, na alirudia kumpendekeza miaka iliyofuata. Leiden nayo, pale ilipobaki postikadi, ilimpa mwaka 1920 uprofesa maalumu wa kwenda kufundisha wiki chache kila mwaka.

Kuna kichekesho hapa ambacho Einstein mwenyewe alikuwa akikisimulia. Barua ya Geneva ilipomfikia ofisini, ilikuwa imechapwa kwa maandishi ya mapambo mengi hata akadhani ni tangazo lisilomhusu, akaitupa kwenye kapu la taka. Geneva walisubiri jibu, hawakulipata, ikabidi wamtumie rafiki yake kumfikia. Kumbe hata aliyewahi kuteseka kwa kutojibiwa naye aliweza kuwanyima watu jibu bila kujua wala kukusudia.

Na Mileva? Huyu ndiye simwachi kwenye hadithi hii. Mwaka 1901, wakati Einstein akisambaza barua, yeye alikuwa Zurich akijiandaa kurudia mtihani, huku ana mimba na hawajaoana. Julai akafeli tena, na ndoto yake ya tasnifu ikaishia hapo. Mtoto wao wa kike alizaliwa nyumbani kwa wazazi wa Mileva mwanzoni mwa 1902. Walioana Januari 1903 na kuachana mwaka 1919. Walikuwa darasa moja, na maprofesa wao walikuwa walewale. Mmoja alikuwa na rafiki ambaye baba yake alifahamiana na mkurugenzi. Mwingine hakuwa na wa kumsemea.

Ndiyo maana nikisikia watu wakisema Einstein alifanikiwa kwa sababu hakukata tamaa, naona wamesema nusu. Hakukata tamaa, ni kweli, na aliendelea kuandika hata alipokuwa hana mshahara. Lakini zile barua zote kwa wakubwa hazikuzaa kitu. Kilichozaa ni mwanadarasa mwenzake aliyesikia kuna nafasi na hakuikalia. Aliisema kwa mwenzake ambaye alikuwa wa mwisho kati ya waliofaulu, na ambaye hakuwa na kitu cha kumlipa.

Sisi hapa tunafichana. Tangazo la ufadhili likitoka, wapo wanaolisoma kimyakimya na kulisambaza kwenye kundi la darasa siku ya mwisho usiku, mtandao ukiwa umeshalemewa. Aliyepata profesa anayejibu hataki kutaja jina lake, kana kwamba jibu ni maji ya kisima yatakwisha. Nafasi ni chache, sibishi. Ila wengi tunasoma fani tofauti, na profesa asiyekufaa wewe anaweza kumfaa jirani yako wa bwenini.

Kwa hiyo, wenzangu mnaosubiri, mkumbusheni profesa mara moja baada ya wiki mbili hivi, kwa adabu, na hakikisheni anwani ipo. Taja kazi yake uliyoisoma, kama Einstein alivyotaja kitabu cha Ostwald. Akinyamaza, mwandikie mwingine, na kazi yako iendelee. Na wewe uliyekwisha kujibiwa, pita bweni la pili jioni hii. Mimi jina la yule profesa aliyesema niombe kwanza nimelibandika ubao wa matangazo wa idara yetu, pamoja na tarehe ya mwisho ya maombi.